“Zimepita saa ngapi?”: Tathmini ya kliniki iliyonipima magonjwa ya zinaa

Nilifika katika kliniki hii Jumatatu alasiri, nikiwa nimeshapimwa asubuhi ya siku hiyohiyo mahali pengine, na tofauti ya huduma hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika. Usiku wa kuamkia Jumapili kondomu ilipasuka, nami sikuwa nikijua hali ya afya ya mwenzangu. Katika kituo cha kwanza walinichoma kidole, wakanionyesha kipimo cha haraka chenye mstari mmoja, wakaniambia niende nyumbani kwa kuwa niko salama. Hakuna aliyeniuliza tukio lilikuwa lini.

Mshauri nasaha wa kliniki hii ya pili, mama wa makamo aliyefunga mlango na kuzima simu yake kabla hatujaanza kuzungumza, hakuanza na jina wala kazi yangu. Aliniuliza, “Zimepita saa ngapi, mwanangu?” Nilipomjibu kuwa ni kama 40, alinieleza kwamba dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo wengi wanazifahamu kwa jina la PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kwamba kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nilimeza kidonge cha kwanza palepale, mbele yake, kabla hata ya majibu mengine kutoka maabara. Bado naumia nikifikiri kwamba, kwa maneno ya kile kituo cha asubuhi, ningelala na saa zangu zikaisha.

Kisha alichukua karatasi, akachora mstari mrefu na kuandika tarehe juu yake. Alinionyesha kuwa jibu hasi nililopewa asubuhi lilieleza hali yangu ya kabla ya tukio tu, kwa sababu kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, kinaweza kuchukua hadi siku 90 kugundua maambukizi mapya, na hata kile cha maabara kinachotafuta pia chembe za kirusi chenyewe huhitaji kati ya siku 18 na 45. Klamidia na kisonono alizipangia wiki 2. Kaswende alisema tutaipima siku hiyo na kuirudia baada ya miezi 3, akanitahadharisha kuwa kidonda chake cha mwanzo mara nyingi hakiumi na hupona chenyewe, kwa hiyo mtu hudhani amepona ilhali ugonjwa umebaki mwilini. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Nilivutiwa pia na sababu aliyonipa ya kupima homa ya ini B kabla sijaondoka na dozi nzima. Baadhi ya dawa zilizomo kwenye PEP hukandamiza kirusi cha homa hiyo pia, na mtu aliye nacho bila kujua akiziacha ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya. Kwangu hakikuwepo, nikachanjwa siku ileile. Figo zangu nazo zilipimwa.

Maswali yake kuhusu namna tulivyofanya tendo lenyewe yalinitia haya, lakini hayakuwa ya udadisi. Mkojo hauwezi kuonyesha kisonono kilichokaa kooni, hivyo niliporudi baada ya wiki 2 nilitoa mkojo na pia nikapanguswa koo kwa kijiti chenye pamba. Mkojo ulionyesha klamidia. Sikuwa na maumivu, usaha wala muwasho wowote, na kama ningengoja dalili ningeendelea kumwambukiza mtu. Nilipewa doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, na mshauri akakaa nami mpaka nikapata maneno ya kumwambia mwenzangu naye akatibiwe. Mazungumzo hayo ya simu yalikuwa magumu kuliko sindano zote.

Kasoro zipo, na zinaniuma kwa sababu zingezuilika. Mhudumu wa mapokezi alitangaza kwa sauti kuwa “wa magonjwa ya zinaa” aingie chumba cha pili, watu wote wakageuka. Kijana aliyekuwa ameketi karibu nami aliinuka akatoka nje na sikumwona akirudi. Majibu ya maabara nayo niliahidiwa baada ya siku 3, yakachukua 6, bila mtu yeyote kunipigia simu. Kwa hayo mawili ninapunguza nyota moja kati ya tano. Ningepunguza mbili kama si yule mama.

Dozi ya PEP niliimaliza siku ya 28, nikisumbuliwa na kichefuchefu katika wiki ya kwanza tu. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi katika wiki ya 6 na tena katika wiki ya 12, siku ambayo kaswende na klamidia pia zilirudiwa nazo hazikuonekana. Ukienda kutoa mkojo, usikojoe kwa saa moja kabla, na ukinge ule wa mwanzo kabisa unapotoka. Mimi niliumwaga kwa mazoea ya vipimo vingine, ikanibidi nikae kwenye benchi saa nzima ndipo nirudie.