Teotitlán del Valle: nyumba ya wageni inayoamka kabla ya jogoo

Anayetaka kulala hadi saa tatu asubuhi atafute hoteli Oaxaca mjini, kusini mwa Mexico. Nyumba hii iko Teotitlán del Valle, kijiji cha Wazapoteki wafumaji wa mazulia, kama kilomita 30 kutoka mjini, na shughuli zake zinaanza giza halijatoka. Mimi ni mpishi, nimelisha wapanda mlima huko Moshi kwa miaka mingi, kwa hiyo nyumba ya wageni naikagua kuanzia jikoni. Hii naipa nyota tano.

Kasoro zipo. Maji ya moto yanategemea jua. Ukichelewa kuoga utapata ya vuguvugu. Bonde liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Januari una baridi kali, omba blanketi la pili mapema. Maji ya kunywa yako kwenye dumu la lita 20 barazani, ya bombani usiyaguse. Kiingereza hakuna: mama mwenye nyumba anaongea Kizapoteki na wanawe, Kihispania na wageni. Basi, ni hayo tu.

Jioni mama huchemsha mahindi pamoja na chokaa, kisha anayaacha yalale humo humo. Alfajiri akanigongea, akanifunga aproni ya mirabaraba, tukayaosha. Maganda yanabanduka yenyewe mkononi, punje zinabaki laini. Tukabeba ndoo hadi mashineni, tukapanga foleni na kina mama wa mtaa. Mashine inasaga mahindi yakiwa maji maji, linatoka donge bichi badala ya unga. Nyumbani mama akapiga magoti, akalirudia donge kwenye jiwe la kusagia, akatandaza chapati zake juu ya kikaango cha udongo kilichopakwa chokaa ili zisigande. Ya kwanza nilipewa na chumvi tupu. Sijala mahindi matamu kama yale.

Na mahindi asili yake ni huku. Kwenye pango la Guilá Naquitz, karibu na mji wa Mitla, yamepatikana magunzi ya zaidi ya miaka 6,000. Mahindi yalivuka bahari yakatufikia, lakini chokaa haikufuatana nayo, na chokaa ndiyo inayofungua niasini, vitamini B3, iliyomo kwenye punje. Waliotegemea mahindi bila chokaa, Ulaya na Marekani, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa wingi. Nimesonga ugali tangu utotoni na hakuna aliyewahi kunieleza. Nimelielewa Teotitlán, nikiwa nimelowa hadi viwikoni.

Mchana ni zamu ya baba, kwenye kitanda cha mfumi. Alichukua wadudu wakavu wanaoishi kwenye mpungate, akawaponda kiganjani mwangu. Kiganja kikawa chekundu cha damu. Akakamulia ndimu, wekundu ukawaka kuelekea rangi ya chungwa. Akanyunyiza chokaa, ukageuka zambarau. Mazulia yametundikwa, bei zimeandikwa, hakuna anayekuandama ununue.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba familia hii haijigeuzi maonyesho. Kulikuwa na msiba kwa jirani. Mama akatuachia kifungua kinywa kimefunikwa kitambaa, akaenda kusaidia kupika. Mgeni mmoja akaomba afuatane naye na kamera. Akakataliwa, kwa upole lakini akakataliwa. Mgeni yule alinuna. Mimi heshima yangu kwa nyumba ile ilipanda, maana nimeona kwetu waongozaji wakiwaingiza watalii hadi matangani. Mwenyeji anayejua kipi cha kugawa na kipi cha kubaki nacho ndiye wa kumwamini na vile anavyokugawia.

Kama upo Jumapili, panda teksi ya kuchangia uende soko la Tlacolula. Tafuta kina mama wenye mabakuli makubwa ya tejate, kinywaji cha mahindi, kakao, mbegu za tunda la mamey na ua lenye harufu nzuri, kinachokorogwa kwa mkono mpaka povu linapanda juu. Kunywa hapo hapo.

Chumba ni peso 700 kwa usiku, kifungua kinywa kikiwemo. Kazi ya jikoni hailipiwi, ila usiku uliotangulia mwambie mama kwamba unataka kuamshwa. Tarehe 1 na 2 Novemba, Siku ya Wafu, ukoo mzima hurudi nyumbani na vyumba hubaki vichache, hivyo ulizia miezi kadhaa kabla.