Swimbeti za wavua besi nimezijaribu Kigoma, ununue ipi na uache ipi

Niseme mapema, swimbeti ni chambo bandia kinachoogelea kama samaki, wanakitumia kuvulia besi, na Ziwa Tanganyika hakuna besi. Najua kuna mtu ataruka na hilo kwa hiyo nalimaliza hapa hapa. Besi ni samaki wa maji yasiyo na chumvi wa Marekani, mdomo mpana kama ndoo, anameza chochote kinachopita mbele yake. Jirani zetu Kenya wanaye pale Naivasha, aliletwa na wazungu miaka ya 1920, sisi huku ziwani hatuna. Nilipomwambia shemeji yangu nimeagiza chambo cha besi akaniuliza besi ya sabufa au ya gitaa.

Ila tuna kuhe, tuna sangala, tuna mgebuka, na hao wote wanakula samaki wenzao. Ndo maana nikasema ngoja nijaribu.

Ilivyoanza ni 2024 ziwa lilipofungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu mimi na fimbo yangu tumetulia nyumbani, nikawa nashinda kwenye simu naangalia Wamarekani wanavyovua na vidude vya mpira vinavyoogelea kama samaki mzima. Swimbeti. Siku ya kwanza nacheka, wiki ya pili natamani, mwezi wa tatu nimeshaagiza. Mwisho wa reli mzigo haujileti, unaletwa, kwa hiyo kuna jamaa kanibebea kutoka Dar kwenye basi na mzigo mwingine nikaunganisha na wa rafiki yangu aliyekuwa anarudi kutoka nje. Jumla imenitoka kama laki mbili na nusu na nimekuwa nazitumia zaidi ya mwaka sasa, Katonga, Bangwe, na mara chache nje kidogo kwa boti ya kukodi. Kwa hiyo siongei ya kusikia.

Naanza na ile iliyoniuma mfukoni. River2Sea S-Waver 168, wenyewe wanaiita glaidi. Hiyo 168 ni urefu wake kwa milimita, yaani karibu sm 17, vipande viwili vya plastiki ngumu vimeungwa katikati, ukizungusha rili (ile mashine ya kukusanyia uzi) taratibu unakatisha unazungusha inaenda kushoto inaenda kulia, halafu ukiisimamisha inageuka kama inakuangalia. Uongo dhambi, ni kitu kizuri sana. Siku ya kwanza nimeizamisha kwenye simtanki la nyumbani nikaivuta na kamba ya viatu, mke wangu kasimama mlangoni anatikisa kichwa.

Ziwani sijapata nayo samaki hata mmoja. Mwaka mzima. Kuhe wanaifuata, maji yetu ni meupe unaona kabisa anakuja nyuma yake mita moja, anaitazama, anageuza. Wanaifuata kama watoto wanavyofuata gari la matangazo.

Nikakaa nikafikiria sababu, na sababu si kwamba chambo ni kibaya. Hizi kubwa kubwa zilipata umaarufu California, kwenye mabwawa ambako serikali yao inamwaga samaki trauti ili watu wavue, sasa besi wa kule wakawa wanashiba trauti na kunenepa, wavuvi wakatengeneza trauti wa bandia. Ile Huddleston maarufu ya inchi 8 ndo hiyo, sm 20 za mpira zenye sura ya trauti. Na besi wenyewe si wadogo, rekodi ya dunia ni kilo 10 na ushee, ilifikiwa Georgia mwaka 1932 na ikafikiwa tena Ziwa Biwa kule Japani 2009. Samaki wa hivyo ukimpa sm 17 ni kama unampa andazi. Huku kwetu chakula ni dagaa. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi vipe, boti za dagaa, vinapoingia, chukua dagaa mmoja mbichi mlaze kwenye kiganja, anaanzia chini ya kidole cha kati anaishia kwenye mkono, sm 7, 8, mkubwa sana 10. Huyo ndo anayeliwa kila siku na mgebuka. Sasa wewe unakuja na lidude mara mbili ya hapo unategemea nini.

Hapo ndo nikaanza kununua kwa rula. Kabla ya rangi, kabla ya jina, angalia urefu. Inchi moja ni sm 2.54, piga hesabu kwenye simu.

Na kwa rula hiyo iliyoshinda ni Keitech, ile Swing Impact FAT, ya Wajapani. Ni mpira laini wenye mikunjo mikunjo mwili mzima kama mnyoo na mkia wake mwishoni ni kama kisigino cha ndala, bapa. Zinakuja saizi nyingi, mimi nimetumia ya 3.3 ambayo ni sm 8 na kidogo, pakiti ina 7, na ya 3.8 ambayo ni sm 9 na nusu, pakiti ina 6. Yaani ni dagaa kabisa, ukichagua yenye mgongo wa giza na ubavu wa fedha hata paka wa mwaloni atadanganyika. Ina harufu pia, wanachanganya harufu ya ngisi kwenye mpira, ngisi huku hajawahi kuonekana lakini sijaona samaki aliyelalamika. Kinachonikosha ni mkia. Swimbeti nyingi mkia hauchezi mpaka uvute kwa haraka, hii hata ukizungusha rili kama unakoroga chai mkia unapiga na mwili unayumba. Kuhe wangu wa kwanza wa maana, kilo mbili kasoro, nimempata na ya 3.8 pale kwenye mawe ya Katonga, alfajiri, kabla kusi haijaanza kuchafua maji.

Ishirini elfu kwa pakiti hadi ikufikie ni ghali, sikatai. Na mpira laini ni mpira laini, samaki watatu wanne mwili umechanika kichwani, unageuza unadunga upande mwingine, afu basi. Ila mimi ningenunua pakiti mbili za hizi kuliko glaidi moja, na glaidi moja ni bei ya pakiti tatu.

Sasa sikia, hapa ndo watu wanapofeli. Keitech inakuja mpira mtupu, haina chubwi (ule uzito wa kuzamishia), haina ndoana. Unatakiwa ununue kivyake vichwa vya chubwi vyenye ndoana, na kichwa kina kazi kubwa kuliko mpira wenyewe. Tanganyika ni mita 1,470 pale penye kina kikubwa, na hata ufukweni huku ukisogea hatua chache kwenye mawe chini panapotea. Ukiweka kichwa cha gramu 5 upepo unachezea uzi wako na chambo kinaelea juu juu tu. Mimi kwa mwambao natumia gramu 10, kwenye boti 20 kwenda juu. Narusha, nahesabu polepole moja mpaka kumi ndo naanza kuvuta, nisipoguswa mrusho unaofuata nahesabu mpaka kumi na tano. Nikiguswa kwenye kumi na tano siku hiyo nabaki na kumi na tano.

Na kudunga kuna ufundi wake. Usianze kudunga kwa kukisia. Laza ndoana juu ya mpira kichwa kwa kichwa, weka alama ya kucha pale ndoana inapojikunja, ndo utatokezea hapo. Ncha iingie katikati ya pua, ipite katikati ya mwili, itoke mgongoni pale kwenye alama. Ukipinda hata kidogo swimbeti inaogelea kiubavu kama mlevi anayerudi kutoka Mwanga usiku, na hamna samaki anayekula mlevi. Ukiona umepinda chomoa urudie, usijidanganye eti itajinyoosha majini.

Sehemu zenye mawe mengi au majani nabadilisha, natumia zile ndoana zinazojificha ndani ya mpira zenye chubwi mgongoni mwake, ncha haionekani nje. Unapoteza samaki mmoja mmoja kwa kutong'ata vizuri ila huachi pakiti nzima chini ya ziwa. Kwa mawe ya Bangwe ni lazima, mimi nimeacha vichwa sita kwa siku moja kabla sijapata akili.

Halafu kuna hizi za kuuzwa zikiwa tayari, chubwi ndani ndoana juu, unafungua unafunga unarusha. Nilinunua pakiti ya kumi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina lake halina faida hapa, bei ya kutupa, picha kali. Zimefika zinanuka kama matairi. Mkia mnene, kwenye simtanki hautikisiki mpaka uvute kama umefukuzwa. Nikasema isiwe tabu, sangala ni sangala. Tukatoka na boti jioni, ya tatu kurusha nimeshikwa, fimbo imekunjwa mpaka majini, dakika kumi namleta, namuona ubavu ule wa fedha chini ya boti, mzee mwenye boti ameshainama na wavu, afu uzi ukalegea. Nikavuta chambo, ndoana imenyooka kama msumari. Mzee akaishika akainyanyua kwenye mwanga akaniambia, "Kijana wangu, hii si ndoana, hii ni waya wa kufungia mkaa." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo ndoana yoyote naipima nyumbani kwanza, naishika na koleo naivuta kwa nguvu, ikifunguka naitupa, na vichwa nanunua vyenye ndoana za Owner au Gamakatsu hata kama ni ghali.

Huyo mzee kwanza alikuwa ananicheka. Yeye mgebuka anavua kwa mshipi wa mkono, ndoana zimepangana kila moja imefungwa nyuzi nyeupe zinazong'aa, hamna chambo wala nini, anapandisha anashusha. Alipoziona Keitech akasema haya ni yale yale, ninyi mmeyawekea mkia mkayapandisha bei. Na kiukweli hajakosea sana. Nikampa mbili akazifunga kwenye mshipi wake bila fimbo bila rili. Aliporudi kuomba nyingine nikamwambia mzee wangu, ishirini elfu hiyo.

Z-Man nayo niiseme kwa ufupi kwa sababu ina mtego. Mpira wake si wa kawaida, wanauita ElaZtech, unavutika kama raba ya manati, unaelea, na haukatiki ovyo, kwa hiyo kwa anayevua upande wa mdomo wa Malagarasi ambako unaweza kukutana na tigafishi mwenye meno, ndo ya kununua. Kule Keitech itatoka kichwa kitupu. Nilichukua DieZel MinnowZ ya inchi 4, sm 10, inatosha. Mtego ni huu, usiiweke boksi moja na mpira wa aina nyingine. Mimi niliziweka pamoja, nikaacha boksi kwenye bodaboda juani Ujiji wakati nakula, narudi nakuta uji wa rangi tatu. Imeandikwa kwenye pakiti kabisa, sikusoma. Kosa langu.

Uzi, kwa haraka. Uzi wa kusuka ni mzuri unasikia kila kitu mkononi lakini kwa maji meupe haya unaonekana, kwa hiyo mbele weka mita mbili za nailoni angavu au floro (fluorocarbon, uzi usioonekana sana majini). Nilivyoweka hiyo kuhe wameacha kugeuza.

Na kibali jamani, msije mkasema sikusema. Leseni ya uvuvi ipo, ulizia ofisi ya uvuvi ya halmashauri au BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa mwalo wako, na upande wa hifadhi ya Gombe usisogeze hata fimbo. Na kitu kingine ambacho ni changu tu si cha sheria, kuhe ukimkuta mchangani na kundi la vitoto dume na jike wote wapo wanalinda, atarukia swimbeti yako kwa hasira si kwa njaa. Huyo ni rahisi kumpata kuliko wote. Mwache, ukimtoa vile vitoto vinaisha dakika hiyo hiyo.

Kama una elfu hamsini tu, chukua Keitech 3.3 pakiti moja rangi ya fedha, na pesa yote inayobaki weka kwenye vichwa, gramu 10 na 14. Ya 3.8 utaongeza ukishapata kuhe. Mimi nimebakiza tano za 3.3 na mbili zimeshashonwa kwa gundi ya supaglu.

Ile glaidi ninayo bado, ipo kwenye boksi lake, ina mkwaruzo mmoja shavuni wa jiwe la Bangwe. Nauza elfu arobaini, maongezi yapo kidogo, mwenye kwenda Naivasha aniambie.