Kizalishaji nyaraka kinachobadili maelezo msimbo ukiwa uleule: nyota mbili kati ya tano

Huduma hii tunailipia kwa dola kila mwezi, na leo naipa nyota mbili kati ya tano. Ni programu ya akili bandia inayosoma msimbo wako (maagizo yanayounda programu) na kukuandikia maelezo ya kila fanksheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja): inafanya nini, inapokea nini, inarudisha nini, inakataa wakati gani. Inaandika vizuri. Ila ukiipa msimbo uleule mara ya pili, unapata maelezo mengine, na kwa kazi ya nyaraka hilo ni kosa kubwa.

Ofisi yetu iko Kirumba hapa Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Tunatunza mfumo wa wafanyabiashara wa samaki: mzigo unapokelewa, unapimwa, mwenye mzigo anapewa stakabadhi, pesa inaingia kwenye simu yake. Umeandikwa kwa lugha ya programu ya Python, na sehemu kubwa iliandikwa na mtu aliyekwisha kuhama mji bila kuacha maelezo ya maana. Nyaraka tulizihitaji kweli.

Mwanzo ulitupa moyo. Kulikuwa na faili la kukokotoa makato ambalo kila mtu ofisini alikuwa analikwepa. Programu ililieleza kwa Kiswahili kinachosomeka, tena kwa dakika chache, na tulipolikagua mstari kwa mstari ilikuwa imepatia. Sifa hiyo ni yake, siwezi kuinyima. Ndipo tukaiunganisha na mfumo wetu ili kila msimbo mpya unapopandishwa, nyaraka zote zizalishwe upya zenyewe, kama wauzaji wake wanavyoshauri.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kanuni zetu za uvuvi haziruhusu sangara wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo ndani ya mfumo kuna fanksheni fupi ya kuangalia urefu: akiwa na 50 au zaidi anapokelewa. Ni mistari michache, na alama ya "kubwa kuliko au sawa na" imekaa wazi kabisa. Nyaraka za kwanza zilisema "inakubali sangara wa sentimita 50 na kuendelea." Sawasawa. Kisha mwenzangu akarekebisha rangi ya kitufe kwenye ukurasa usiohusiana kabisa na samaki, nyaraka zikazalishwa upya, na sasa zikasema "inakubali sangara anayezidi sentimita 50." Samaki wa sentimita 50 kamili akawa halali kwenye mashine na haramu kwenye maandishi.

Tuna kijana anayejifunza kazi kwetu, naye alikuwa akiandika majaribio ya kukagua msimbo kwa kufuata nyaraka hizo. Akaja na laptop mkononi: "Kaka, jaribio langu linafeli, lakini nimefuata kilichoandikwa. Nirekebishe msimbo?" Nashukuru aliuliza. Angerekebisha kimyakimya, mtu aliyevua kihalali angegeuzwa kwenye mizani na samaki wake.

Mambo mengine ni madogo lakini yanachosha. Fanksheni ya uzito wa dagaa: toleo moja linasema uzito usipojazwa inarudisha sifuri, toleo linalofuata linasema inatoa kosa. Mtu yuleyule kwenye ukurasa huu anaitwa mvuvi, ukurasa wa pili muuzaji, wa tatu mteja. Mwaloni hao ni watu tofauti! Mvuvi ameshinda ziwani, mwenye mtumbwi yuko nyumbani, dalali anahangaika na bei, mnunuzi anangoja lori. Kila mmoja ana hesabu yake ya malipo, na ukiwachanganya kwenye maelezo umeharibu maelezo.

Kibaya zaidi ni ukaguzi. Ukilinganisha matoleo kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, unakuta kurasa nzima zimejaa nyekundu na kijani, sentensi kwa sentensi, ilhali hakuna kilichobadilika. Jicho linachoka, na siku badiliko la kweli likija, linapita katikati ya hizo kelele.

Nilipowaandikia wahusika walinijibu niweke kipimo cha "joto" kwenye sifuri. Ushauri huo una maana. Modeli za namna hii huchagua kila neno kwa uwezekano, na joto likipanda zinaruhusiwa kubahatisha zaidi. Likiwa sifuri zinapaswa kuchukua neno lenye uwezekano mkubwa kuliko yote. Hali ikapungua, haikuisha. Sababu ni kwamba uwezekano huo hukokotolewa kwa desimali, na kompyuta inapojumlisha desimali, mpangilio wa kujumlisha unaweza kubadili jibu: kwenye Python, (0.1 + 0.2) + 0.3 inatoa 0.6000000000000001, lakini 0.1 + (0.2 + 0.3) inatoa 0.6. Kwenye seva, ombi lako huchakatwa pamoja na maombi ya wengine, na wingi wao unaweza kubadili mpangilio huo. Maneno mawili yakiwa yamekaribiana sana, tofauti ndogo kama hiyo inatosha kugeuza chaguo, na neno moja likigeuka linavuta sentensi nzima. Tena mtoa huduma anaweza kubadili modeli yenyewe, nawe huna pa kuizuia.

Kuna watakaosema zana za zamani za kuzalisha nyaraka nazo huyumba. Ni kweli. Doxygen ipo tangu 1997, Sphinx tangu 2008, na zote zinaweza kukutolea kurasa zenye tarehe mpya chini au orodha iliyopangwa tofauti. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, hata mpangilio wa seti ya maneno hubadilika programu ikiwashwa upya, hadi uweke namba isiyobadilika kwenye kigezo kiitwacho PYTHONHASHSEED. Lakini hapo unapanga orodha, unaondoa tarehe, umemaliza. Zana hizo zinakusanya ulichoandika mwenyewe, hivyo maana haiguswi.

Sasa tumeitoa kwenye njia ya kujiendesha yenyewe. Inaandika rasimu mara moja tu, kwa fanksheni isiyo na maelezo. Mtu anaisoma mbele ya msimbo, anairekebisha, anaihifadhi ndani ya msimbo wenyewe, na Sphinx inatengeneza kurasa. Penye mipaka kama ile ya sangara tunaweka mfano unaoendeshwa na doctest, zana ya kujaribu mifano iliyo ndani ya maelezo, ambayo inakuja na Python yenyewe: mfano ukipingana na msimbo, jaribio linafeli palepale.

Kama una msimbo wa kurithi usio na maelezo, lipia mwezi mmoja, pata rasimu, kisha sitisha. Kama unataka ikutunzie nyaraka siku zote, usinunue kwa sasa. Wakiniruhusu kuifungia modeli kwenye toleo moja, na wakiacha kugusa maelezo ya fanksheni ambayo haijabadilika, nitaongeza nyota mbili na kulipia mwaka mzima.