Uzoefu wangu: gereji iliyonitengenezea Mustang ya 1968 ifanane na ile ya Bullitt

Nianze na hukumu, maana najua wengi wetu tukisoma maoni ya mteja huwa tunarukia mwisho. Kazi ya bati: nyota tano. Injini na giya: nyota tano. Rangi: tatu. Mawasiliano: mbili, tena hizo mbili ni za dada wa mapokezi aliyekuwa akinijibu hata pale mafundi walipokaa kimya. Jina la gereji naliweka kando. Tabia nitakazozieleza, nzuri kwa mbaya, mtu atakutana nazo kwenye gereji yoyote inayofufua magari ya zamani.

Niliwapelekea Ford Mustang ya 1968, ile ya fastback ambayo paa lake linateremka moja kwa moja hadi kwenye buti. Nilitaka ifanane na aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt. Filamu ilitoka mwaka huohuo wa 1968, mwongozaji akiwa Peter Yates, na wapenda magari wanaikumbuka kwa kipande kimoja: Mustang ya kijani na Dodge Charger nyeusi zikikimbizana kwenye vilima vya San Francisco kwa karibu dakika 11. Mbio zikikolea, muziki wa Lalo Schifrin unakatwa na zinabaki injini na matairi yanayolia. Mwenye jicho kali ataiona Volkswagen ya kijani, ileile, ikipitwa tena na tena, na Charger inadondosha vifuniko vya rimu vingi kuliko matairi yake. Mimi nimeiangalia kiasi kwamba nyumbani wakisikia ule mngurumo wanahama sebule.

Jambo la kwanza lililonifanya niwaamini ni walivyoisoma namba ya chasisi kabla ya kushika spana. Kwenye Mustang za mwaka ule namba hiyo iko juu ya dashibodi na inasomeka kupitia kioo cha mbele. Tarakimu 8 ya mwanzo ni mwaka, herufi inayofuata ni kiwanda (R ni San Jose, California), 02 ni fastback, kisha inakuja herufi ya injini. S maana yake ni injini ya inchi za ujazo 390, yaani lita 6.4, ambayo Ford waliitangaza kuwa na nguvu ya farasi 325. Magari mawili yaliyotumika kwenye filamu yote yana S. Langu lina C, V8 (injini ya silinda nane) ndogo ya inchi 289.

Fundi mkuu, mzee wa maneno machache, alinivuta hadi kwenye kioo, akamulika na tochi. "Bosi, injini ya 390 tutakuwekea. Lakini herufi hii hatuigusi. Siku ukiuza, mwambie mnunuzi kwamba hii ni C."

"Sawa, mzee," nikamjibu, na moyoni nikasema hapa nimefika.

Msione ni jambo dogo. Januari 2020 mojawapo ya yale magari mawili ya filamu liliuzwa kwenye mnada wa Mecum huko Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Bei kama hiyo inawatoa watu roho. Marekani kuchezea namba ya chasisi ni kosa la jinai, na bado wajanja hawakosekani. Gereji inayokukatalia kabla hujaomba ni ya kushika kwa mikono miwili.

Sasa bati. Mustang za enzi hizo hazina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu ya sakafuni ni ugonjwa wa gari zima. Sehemu inayonyanyasa wamiliki kuliko zote haionekani kabisa: sanduku la bati lililoko chini ya kioo cha mbele, linalopitisha hewa kuingia ndani. Maji ya mvua huingia humo na kutokea pembeni. Majani na vumbi vikijikusanya, bati linaoza kutokea ndani, na dalili pekee unayoipata ni zulia linalonuka unyevu upande wa miguu. Gereji nyingi hupaka gundi juu na kukurudishia gari. Hawa walitoboa vidoti vya kuchomelea kimoja kimoja, wakalifungua sanduku lote, wakakata kilichooza, wakachomelea bati jipya na kulipaka dawa ya kutu pande zote kabla ya kulifunga tena.

Halafu wakaniita kwa ajili ya jaribio. Nililala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, tochi mkononi, wakati kijana mmoja akimwaga maji kwa mpira juu ya kioo. Nikasikia maji yakizunguka ndani ya bati juu ya pua yangu, yakahama kulia, yakatoka nje karibu na bawaba za mlango. Halikudondoka hata tone. Mzee aliniacha nikae pale mpaka niridhike mwenyewe, wala hakunihimiza.

Chini ya boneti, vibebeo vya shokabsoba vilikuwa na nyufa, kama ilivyo kawaida kwa Mustang zilizokula barabara mbovu. Wakaviziba kwa kuchomelea na kuviongezea bati la kuvitia nguvu. Sehemu hiyohiyo ndiyo iliyoimarishwa na Max Balchowsky, fundi aliyeyaandaa magari ya filamu, kwa sababu yalikuwa yanaruka vilima na kutua kwa kishindo. Basi hapo ukarabati na uigaji vikakutana bila kulazimishwa, na mimi ankara ile nililipa nikitabasamu.

Uigaji wenyewe, ukitazama vizuri, ni kazi ya kung'oa. Mustang ya GT, lile toleo la kimichezo, ilitoka kiwandani na mapambo mengi: jina la Mustang na nembo ya GT kwenye madigadi ya mbele, farasi anayekimbia katikati ya grili, taa za ukungu kushoto na kulia kwake. Ile ya filamu vyote hivyo imevuliwa. Mbele imebaki grili nyeusi tupu. Hapo ndipo ilipo sura yake ya ukorofi. Shida ni kwamba kila nembo inaacha matundu. Ukiyaziba kwa puti, baada ya muda puti inanywea na jua likipiga ubavuni utaona viduara vidogo chini ya rangi. Haya waliyachomelea, wakasaga, wakanyoosha. Nimepitisha kidole kwenye madigadi zote mbili nikiwa nimefumba macho na sikuambulia kitu.

Sifa zimeisha, tuje kwenye rangi.

Kijani cha filamu Ford walikiita Highland Green. Kina chembechembe za metali na ni kigumu kukipata: mawingu yakitanda kinakaribia weusi, jua la jioni likikipiga kinakuwa kama chupa. Katika kuchanganya walifanya kazi ya heshima. Walipiga vibao kadhaa vya majaribio, tukavitoa nje, tukavigeuzageuza juani, tukachagua pamoja. Kwenye mng'ao ndipo tulipogombana. Tangu siku ya kwanza niliwaambia, na nikaandika kwenye ujumbe, kwamba sitaki kioo. Gari la kwenye filamu ni gari la polisi wa upelelezi anayelitumia kila siku, halijatoka shorumu. Na lile lililouzwa mnadani lina historia hiyohiyo: familia moja ililinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000, mama mwenye nyumba akawa analiendea kazini. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba arudishiwe, hakufanikiwa. Lilipooneshwa tena hadharani Detroit, Januari 2018, lilikuwa na mikwaruzo yake, rangi iliyochoka, na chini yake mabaki ya vishikizo vya kamera. Mwenzake lilipatikana Mexico mwaka 2017 likiwa limeoza vibaya. Kati ya Mustang zote, hiyo iliyochoka ya mnadani ndiyo iliyoweka rekodi ya bei wakati ule.

Nilipoitwa kuja kuchukua langu, niliweza kunyoa ndevu kwenye mlango wake. Kliya (ile rangi ya mwisho inayopitisha mwanga na kung'arisha) juu ya kliya, imesuguliwa mpaka inateleza. Fundi wa rangi amesimama pembeni, uso umejaa furaha, anasubiri sifa. Nikamwambia kaka, hii ni nzuri, lakini siyo tuliyokubaliana. Akaniangalia kama niliyemtukania kazi, na kwa upande wake namwelewa: ufundi wote aliojifunza ni wa kufanya bati ling'ae, halafu anakuja mteja anayelipa ili lising'ae. Lakini makubaliano ni makubaliano. Walirudi kulipunguza kwa msasa wa maji, kwa shingo upande. Boneti na buti zimekaa barabara, zina ule utulivu wa rangi iliyoishi. Mlango wa kushoto ulisuguliwa haraka haraka, na ukisimama pembeni jioni unaona waziwazi kwamba umebaki unang'aa kuliko jirani zake. Ndiyo maana nyota tatu.

Kingine cha kuchekesha: siku hiyohiyo waliniletea zawadi, nembo ya duara yenye neno Bullitt, ya kubandika nyuma. Ile ni ya matoleo ya kisasa ambayo Ford waliyatoa 2001, 2008 na 2019. Gari la filamu halina nembo yoyote, na mimi nimetoka kulipa watu wachomelee matundu ya nembo! Niliipokea kwa mikono miwili, sasa ipo kwenye kabati la vikombe.

Rimu hazina hadithi ndefu. Ni Torq Thrust za American Racing, inchi 15, spoki tano za kijivu. Walijaribu kunishawishi nichukue inchi 17 za kromu, nikakataa, yakaisha.

Injini inanguruma vizuri, giya nne za mkono zinaingia bila ubishi. Ila anayetamani kufuata njia hii ajue kwamba 390 imebanwa sana mle ndani, kwa sababu vile vibebeo vya shokabsoba vinakula nafasi pande zote mbili. Kubadilisha plagi za nyuma ni kazi ya kupapasa kwa ncha za vidole na kuchubuka mikono. Joto lake linafika hadi miguuni. Pua ya gari ni nzito kuliko ilivyokuwa na ile V8 ndogo, hivyo springi za mbele lazima zibadilishwe, na walizibadilisha bila kunikumbusha wala kunifichia bei.

Mawasiliano ndiyo yaliyonikera zaidi. Niliahidiwa picha kila hatua. Picha za bati zilikuja kwa wingi kwa sababu, nadhani, walikuwa wanajivunia. Kazi ilipofika kwenye rangi zikakatika, na huko ndiko nilikozihitaji. Anayewapa kazi ya namna hii aandike kwenye mkataba kiwango cha mng'ao, sehemu kwa sehemu, na picha ya kipande cha filamu iambatanishwe, na malipo ya rangi yatolewe baada ya kuliona gari juani na si chini ya taa za gereji. Bati ndilo lililokula zaidi ya nusu ya fedha yangu, na hiyo nusu siijutii hata kidogo.

Mwezi ujao linarudi kwao kwa ajili ya ule mlango wa kushoto. Mzee amesema atausugua mwenyewe bila malipo, na yule wa rangi ameombwa siku hiyo achukue likizo.