Aliniuliza kama nimekula

Nimeipa programu hii ya video za moja kwa moja nyota moja, na hata hiyo inaniuma.

Kwa miezi kadhaa sikukosa laivu ya huyu dada. Naingia tu, jina langu linatokea pale chini, naye: "Karibu mdogo wangu, umekula?" Siku zile hakuna mwingine aliyeniuliza kama nimekula. Nikituma waridi, zawadi ya kwenye skrini inayolipiwa kwa sarafu za programu, anashika kifua. Nikituma zawadi kubwa, anainuka na kucheza. Beji yangu ya shabiki ikapanda ngazi mpaka nikaanza kuwasuta wageni kwenye maoni, kana kwamba pale ni kwetu.

Sasa usiku mmoja, juzijuzi tu, sarafu zimeniishia. Nilikuwa nimefeli mtihani. Nikaandika: dada, leo siko sawa. Maoni ya wengine yakaufunika ujumbe. Nikaandika tena. Yeye yuko kwenye mpambano na mwenzake, ule wa dakika 5 wa kushindania zawadi za watazamaji, na anazidiwa pointi. Mara ya tatu akaniona, akasema kwa sauti ileile tamu: "Mdogo wangu, watu tunapambana hapa, wewe unaleta msiba? Kama huna kitu, gonga skrini."

Gonga skrini! Mashabiki wenzangu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Nilipojibu, msimamizi wake akanifungia maoni.

Rafiki yangu anayesoma saikolojia ananiambia si jambo jipya, eti Horton na Wohl waliandika tangu 1956 jinsi watazamaji wanavyojiona marafiki wa watu wa kwenye televisheni. Sawa. Lakini mtangazaji wa televisheni hakumwita mtazamaji kwa jina, wala televisheni haikumega fungu lake kila mtu alipomwonyesha upendo. Programu hii inamega. Ndiyo iliyoleta mpambano na ile saa inayohesabu kurudi nyuma, ikapanga na orodha ya watoaji wakubwa ili nione nilivyoporomoka.

Yule dada mwenyewe, hasira zikipoa, namwonea huruma. Anakesha akitabasamu, na akishindwa mpambano sijui nani anamwuliza kama amekula. Mimi sikuwahi. Basi, tuseme nyota mbili.

Hapana, irudi moja. Jana nimeingia kwa jina jipya kabisa, sina beji, sina sarafu hata moja. Sekunde hazikupita nyingi: "Karibu mdogo wangu, umekula?"

Nikaandika: bado.