Dawa kutoka mimea: mahindi shambani au seli za karoti ndani ya mifuko?

Mimea inaweza kubadilishwa vinasaba ili itengeneze dawa ndani ya seli zake, iwe ni mahindi shambani au seli za karoti zinazokuzwa kiwandani. Shida ya mahindi ni chavua na punje. Chavua hupeperushwa na upepo. Punje zinazodondoka wakati wa kuvuna hujiotea msimu unaofuata. Ndiyo maana tangu 2003 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitaka mahindi ya dawa yanayochavushwa kwa upepo yakae maili 1 (kama kilomita 1.6) mbali na mahindi mengine, yazungukwe na ukanda mtupu wa futi 50, na mashine za kupandia na kuvunia zisitumike kwingine.

Masharti hayo yalitokana na mkasa wa Nebraska, 2002. Mahindi ya kampuni ya ProdiGene, yaliyobeba chanjo ya nguruwe, yalijiotea ndani ya soya iliyopandwa baadaye shamba lile lile. Soya ikavunwa pamoja na mabua ya mahindi hayo, ikamwagwa ghalani, na takriban busheli 500,000 (busheli ni kipimo cha nafaka) zikachafuliwa. Faini ilikuwa dola 250,000. Kuinunua na kuiteketeza soya kuligharimu mamilioni.

Seli za karoti hazina ua wala mbegu. Kampuni ya Protalix ya Israeli huzikuza kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa, na dawa yake ya Gaucher, ugonjwa adimu wa kurithi, iliidhinishwa Marekani Mei 2012. Kibali cha shamba hakihitajiki. Ukaguzi unabaki wa kiwanda na dawa yenyewe. Hatari hapa ni bakteria au ukungu kuharibu mfuko mzima, hasara isiyovuka ukuta.

Shamba ni rahisi kupanua, sawa. Ila kwa dawa inayohitajika kwa kilo chache tu, sioni sababu ya kutumia zao la chakula.