Biblia ya maandishi makubwa, na Cucu anauliza: Bwana yupi?

Nilichonunua ni Biblia Takatifu ya Union Version, ile ya maandishi makubwa, jalada jeusi la ngozi bandia, zipu pande tatu, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu. Niliipata katika duka dogo la vitabu vya dini katikati ya mji, ghorofa ya kwanza, mahali ambapo usipoelekezwa hupaoni. Ni ya mama yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, aliyehamia kwangu Umoja, Nairobi, kutoka Murang'a macho yalipoanza kumsumbua. Anayo Biblia ya Kikuyu ya tangu sijaolewa, lakini Kikuyu cha wajukuu zake kinaishia kwenye kuomba chai. Ikaonekana itafutwe ya Kiswahili, wawe wanasoma naye jioni.

Nianze na mepesi. Herufi ni kubwa kweli, si ule ukubwa wa kuandikwa kwenye jalada tu. Karatasi ni nyembamba, maandishi ya upande wa pili yanaonekana kidogo, na ukipiga mstari kwa kalamu ya wino umeharibu kurasa mbili. Tumia penseli. Mgongo umeshonwa kwa uzi, haukubandikwa gundi tu, kwa hiyo kitabu kinalala wazi mezani bila kushikiliwa. Kwa mtu mwenye vidole vyenye baridi yabisi, hilo lina maana kuliko dhahabu yote ya kingoni. Zipu inakwama kwenye kona, tumeiacha wazi. Bei ya kwanza kutajwa si bei ya kulipa, kama kawaida ya mji.

Sasa mazito.

Mjukuu alifungua Zaburi ya 23, ambayo Cucu anaijua bila kitabu. Akasoma: "BWANA ndiye mchungaji wangu, Sitapungukiwa na kitu." Cucu akamsimamisha. "Bwana yupi?" Mtoto akadhani anatahiniwa. Wala. Kwenye Biblia ya Kikuyu mstari huo unaanza "Jehova nĩwe mũrĩithi wakwa", na ndivyo alivyouimba, akauombea, akazikia nao watu miaka yote. Kwake yeye hii mpya imemtoa mwenye nyumba, ikabakiza cheo chake mlangoni.

Na huwezi kumlaumu. Bwana katika Kiswahili chetu ni wengi mno. Kuna bwana wa Mama Kevo, kuna bwana shamba, kuna "wacha bwana!" ya kwenye matatu. Hata Petro anatukumbusha kwamba Sara alimwita Ibrahimu bwana.

Mimi husoma somo la kwanza kanisani kwetu, Anglikana, kwa zamu, kwa hiyo maelezo ninayo na nilimpa. Katika Agano la Kale la Kiebrania, Mungu ana jina lake mwenyewe, la herufi nne, zote konsonanti: YHWH. Limeandikwa humo takriban mara 6,800. Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, na wanapolifikia wakisoma husema Adonai, yaani Bwana wangu. Karne nyingi baada ya Kristo, wanazuoni wao wanaoitwa Wamasora walipoongeza alama za irabu kwenye maandiko, waliliwekea jina hilo irabu za kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Wakristo wa Ulaya wakasoma konsonanti za jina pamoja na irabu za Adonai, ikatoka Yehova. Mtafsiri Mwingereza William Tyndale aliitumia katika vitabu vya Musa alivyochapisha kwa Kiingereza mwaka 1530. Wataalamu wengi leo wanaona matamshi ya zamani yalikaribia Yahwe.

Cucu alisikiliza yote hayo kwa adabu. Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia kwenye mahubiri yoyote. Akasema kuwaheshimu Wayahudi anaweza, maana hata yeye hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Watoto wote wa ploti wanamwita Cucu na wenye duka wanamwita Mama. "Lakini kwenye kipande changu jina limeandikwa," akasema, akimaanisha kitambulisho. "Hawakuandika Cucu."

Hapo ndipo penye shida ya Union Version, na wachapaji wake wanajua, ndiyo maana wameweka herufi kubwa. Ukiona BWANA, lote kubwa, ujue kwenye Kiebrania pana zile herufi nne. Ukiona Bwana, ni neno la cheo la kawaida. Ni utaratibu wa zamani, hata Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 inao, na kwa jicho unafanya kazi vizuri. Kwa sikio haufanyi kazi kabisa. Jaribu kusoma Zaburi ya 110 mbele ya watu: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume." Mimi nimeisoma kwenye kipaza sauti. Waumini wanasikia bwana anaongea na bwana, na anayetoa mahubiri asipofafanua, wanarudi nyumbani na mabwana wawili. Kwenye Ezekieli utaratibu unageuka tena: mnakuta "Bwana MUNGU", kwa sababu Kiebrania kina Adonai na lile jina pamoja, na BWANA Bwana isingesomeka. Programu ya Biblia niliyo nayo kwenye simu imefuta herufi kubwa zote, yaani hata jicho limenyimwa. Hiyo ni sababu tosha ya kununua ya karatasi.

Mwenye duka, kijana mpole aliyeniita mum kila baada ya sentensi, aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba Yehova hayumo kwenye Union Version, kwamba "hiyo ni ya Mashahidi." Nikamwomba afungue Kutoka 6:3. "Bali kwa jina langu YEHOVA sikujulikana kwao." Nikampeleka Zaburi 83:18, napo limo. Isaya 12:2, limo. Kisha Mwanzo 22, pale mlimani Ibrahimu alipopaita mahali hapo Yehova-yire. Watafsiri hawakulitupa jina, waliliacha pachache ambapo sentensi ingekufa bila hilo. Ninachowalaumu ni Kutoka 3:15. Hapo Mungu anamwambia Musa "hili ndilo jina langu hata milele", na lililochapishwa juu ya mstari huohuo ni BWANA. Kama kuna mahali pa kuliweka, si ni hapo?

Ili nisimwonee mtu, nililinganisha na nyingine mbili zilizomo nyumbani.

Biblia Habari Njema ni ya binti yangu, ya shuleni. Kiswahili chake ni chepesi, na mtoto wa darasa la nne anaielewa bila kamusi, jambo ambalo Union Version ya mwaka 1952, iliyotoka katika kuunganisha tafsiri za Kimvita na Kiunguja, haiwezi kujivunia. Mahali pa lile jina wameweka Mwenyezi-Mungu, na kistari katikati. Kwa sikio ni afadhali kuliko Bwana: hakuna bwana shamba anayeitwa hivyo. Lakini Mwenyezi Mungu ndivyo anavyosema jirani yangu Mwislamu akimshukuru Mungu kwa mvua, na ndivyo sisi tunavyosema kwenye matanga na kwenye hotuba za chifu. Ni letu sote. Uzuri wake uko hapo, na udhaifu wake uko hapohapo, kwa sababu linaeleza Mungu ni nani bila kumtaja. Cucu alisikiliza Zaburi 23 yake, akaitikia amina, akaomba tuendelee na ile ya zipu.

Ya tatu ni Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi wa Yehova, niliyopewa bure na mama mmoja tunayepanda naye matatu. Jina limerudishwa kila mahali katika Agano la Kale, na niseme kweli, katika Zaburi linapendeza. Cucu alitabasamu. Tatizo langu linaanza nikivuka kuingia Agano Jipya, ambako wameliweka Yehova mara 237. Hati za Kigiriki za Agano Jipya tulizo nazo hazina zile herufi nne hata mara moja. Zina Kyrios, Bwana. Hoja yao ni kwamba Wayahudi wa kale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki waliliacha jina kwa herufi za Kiebrania, na ni kweli vipo vipande vya namna hiyo: mafunjo ya kale yaitwayo Fouad 266, ya Kumbukumbu la Torati, ya kabla ya Kristo, yanalo jina kwa Kiebrania katikati ya Kigiriki. Lakini hayo ni ya Agano la Kale.

Na hapa si suala la karatasi tena, ni imani. Yoeli 2:32 inasema kila atakayeliita jina la BWANA ataponywa, na huko ni lile jina la herufi nne. Paulo katika Warumi 10:13 anachukua maneno hayohayo, na mistari minne nyuma yake ameshasema ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana utaokoka. Kwa Kigiriki ni Bwana kwa Bwana, na anachokidai Paulo juu ya Yesu kinasikika waziwazi. Ukiandika Yehova katika Warumi 10:13, uzi huo umekatika, na msomaji hatajua uliwahi kuwepo. Wafilipi 2 ni vivyo hivyo, Yesu kukirimiwa jina lipitalo kila jina. Kwa hiyo neno ninalolilalamikia katika Zaburi ndilo ninalolihitaji katika Warumi. Yule mama wa matatu tumeshabishana naye kuhusu hili kutoka Donholm hadi mjini, na bado tunakalia kiti kimoja.

Wakatoliki nao wana lao. Barua ya Vatikani ya tarehe 29 Juni 2008 iliagiza kwamba katika liturujia, nyimbo na sala zile herufi nne zisitamkwe, na mwimbaji mmoja wa kwaya hapa mtaani ananiambia kuna wimbo walioupenda sana ambao sasa unaimbwa kwenye jumuiya tu.

Turudi kwenye kitabu. Cucu amejiwekea sheria yake. Mjukuu akifika palipoandikwa BWANA kwa herufi kubwa, anatamka Yehova. Pakiwa na Bwana ya kawaida, anaacha vilevile. Kwenye Ezekieli anatamka Bwana Yehova. Wamasora waliandika jina wakasoma cheo. Ploti yetu ya Umoja inasoma jina palipoandikwa cheo. Mtoto ameshika haraka sana, na sasa anajua bila kufundishwa kwamba Zaburi 110 ina watu wawili tofauti. Juzi aliuliza mwenyewe huyo wa pili ni nani, nikamfungulia Mathayo 22, ambako Yesu anawauliza Mafarisayo swali hilohilo nao wakashindwa kujibu.

Utaratibu huo ungewezekana pia na Habari Njema, kile kistari kingesaidia, lakini Cucu anaipenda mikogo ya Kiswahili cha zamani, "Hata niwafanyapo adui zako", na mimi siwezi kushindana na hilo.

Kwa hiyo, kama unanunua. Kwa kusoma kanisani na kwa mtu wa makamo aliyeizoea, chukua Union Version, na hakikisha kwanza ni chapa iliyobakiza herufi kubwa. Kwa mtoto au kwa anayeanza imani, Habari Njema, ila umwambie Mwenyezi-Mungu yenye kistari imesimama badala ya nini. Ya Mashahidi ni nzuri kuwa nayo rafuni ya kulinganishia Zaburi na manabii. Agano lake Jipya mimi silisomi peke yangu bila nyingine pembeni.

Dukani usikubali kuuziwa ikiwa ndani ya nailoni. Mwambie kijana akutolee moja, ufungue Kutoka 6:3, uone YEHOVA ipo, urudi Kutoka 3:15, uone BWANA ni kubwa. Halafu ivute zipu hadi kwenye kona kabla hujatoa pesa.